Dubu Aliyetaka Kuchongwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nawasikia. Kale ya mbali, kale ambayo hata wazee wa wazee wetu waliisikia tu, kulikuwa na nchi isiyo na mti. Hakuna mti wa kuni, hakuna mti wa kivuli, hakuna hata kijiti cha kuchokolea meno. Nchi nzima ni theluji na barafu. Bahari nayo ilifunikwa na barafu kama sufuria na kifuniko chake. Baridi ya huko ilikuwa ya kukata. Ukitema mate, yanafika chini yameshakuwa kokoto. Ko!

Katika nchi hiyo waliishi dubu. Dubu weupe, weupe pe, pua tu ndiyo nyeusi. Mmoja wao alikuwa mama mwenye watoto mapacha, Kulwa na Doto, na kwa hiyo kila mnyama akamwita Mama Kulwa. Mumewe akaitwa Baba Kulwa. Baba Kulwa alikuwa dubu mzuri wa kutazamwa. Kimo anacho, kifua anacho, manyoya yake laini. Alikuwa na tatizo moja tu: uzuri huo aliujua.

Chakula cha dubu ni sili. Sili ni mnyama wa baharini, mnene, mviringo, mafuta matupu. Anaishi chini ya barafu lakini anavuta hewa kama wewe na mimi. Basi hutoboa matundu. Anapanda tunduni, anapumua puuu! Anashuka tena. Na sili si mjinga, hatoboi tundu moja. Dubu akikaa kwenye tundu hili, sili anaona kivuli chake, anakwenda kupumulia kwenye tundu lile. Dubu akikimbilia lile, mwenzake amesharudi kwenye hili.

Kwa hiyo kazi hiyo ni ya wawili. Mmoja anakwenda kwenye tundu moja, anakanyaga barafu kwa nguvu. Di! Di! Di! Sili anashtuka, anakimbilia tundu la pili. Huko mwenzake ameinama kimya, pua chini, mkono tayari. Sili akitoa kichwa, pwa! Watoto wamekula.

Baba Kulwa ndiye aliyekanyaga. Mama Kulwa ndiye aliyeinama. Maisha yakaenda.

Lakini barafu ya huko si ya mwaka mzima. Jua likirudi, barafu hupasuka ikaenda zake, na sili nao wakaenda zao bahari kuu. Dubu hubaki pwani wakila majani na mayai ya bata. Dubu asiyenenepa kabla barafu haijaondoka, kiangazi humkausha. Na mama aliyekauka hana maziwa. Mama Kulwa alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake. Mwaka huo jua lilikuwa limesharudi, na mbavu za Doto ungezihesabu bila kuzitafuta.

Basi siku moja akaja Mbweha. Mbweha wa huko wakati wa baridi huvaa koti jeupe, wakati wa joto huvaa la kahawia. Hali ya hewa ikigeuka, naye anageuka.

"Baba Kulwa, mkubwa wangu!" akasema. "Umejilaza hapa, nawe unatafutwa?"

"Nani ananitafuta?"

"Bibi Arnatuk."

Bibi Arnatuk alikuwa mwanadamu, mmoja wa Wainuiti, wenyeji wa nchi ile. Kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago. Kwa kuwa huko hakuna mti, alichonga jiwe. Alichonga sili, alichonga bata, alichonga bundi, na watu walisema bundi wake ukimpa kisogo anageuza shingo.

"Amepata jiwe kubwa," Mbweha akasema. "Limewashinda mbwa wake kulikokota. Sasa, mkubwa wangu, jiwe la ukubwa ule atamchonga nani? Kunguru?"

"Hapana."

"Sungura?"

"Sungura wa nini!"

"Basi jijibu mwenyewe. Mimi sijasema kitu."

Mbweha alikuwa na lake. Kambini kwa Bibi Arnatuk kulikuwa na samaki walioanikwa kwenye kamba, na chini ya kamba walilala mbwa wakali. Mbwa wale walimwogopa mnyama mmoja tu, dubu. Dubu akifika, mbwa wanajificha. Mbwa wakijificha, Mbweha anakula.

Baba Kulwa akajilamba manyoya, akaenda. Akamkuta Bibi Arnatuk nje ya hema lake la ngozi, mzee mfupi, tezo mkononi, nyusi zimejaa vumbi la jiwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nilikuwa nashangaa mbwa wangu wameenda wapi. Kumbe ni wewe. Una shida gani, baba?"

"Nimekuja unichonge."

"Mimi simchongi aliyekuja. Namtoa aliyemo ndani." Akaweka kiganja juu ya jiwe, akalipapasa huku na huku kama mkunga. "Wewe uliyemo humu," akaliuliza, "u nani? Unataka kutokaje?"

Akasubiri. Baba Kulwa naye akasubiri. Jiwe likanyamaza.

"Anasemaje?" akanong'ona Baba Kulwa.

"Bado. Jiwe si Mbweha, halisemi ovyo."

Baba Kulwa akalizunguka lile jiwe. Lilikuwa la kijani kilichoiva hadi kikawa karibu na weusi. "Lakini Bibi, hili ni jeusi. Mimi mweupe."

"Basi nitafutie jiwe la theluji, tuone kiangazi litakuwa wapi."

"Haidhuru," akasema Baba Kulwa. "Nitasimama hapa unitazame. Nitasimama mguu mmoja, kama ninayecheza ngoma. Hivi. Au hivi?"

"Sihitaji usimame. Dubu nimewaona tangu nabebwa mgongoni. Nenda nyumbani ukale."

"Anaona haya tu huyo!" Mbweha akadakia. "Simama, mkubwa wangu!" Akaanza kupiga makofi na kuimba:

*Dubu, Dubu, mguu mmoja,*
*dunia nzima inakungoja!*

Baba Kulwa akainua mguu. Akaenda na siku iliyofuata. Na iliyofuata. Kila kukicha anapiga miayo, anajilamba, anaaga: "Mke wangu, nakwenda kazini." Kule kambini tezo linalia ko-ko-ko, tupa inalia kwaru-kwaru, Mbweha anaimba, samaki wanapungua kambani, na Baba Kulwa amesimama mguu mmoja, ulimi nje, macho mbali, kama bwana harusi anayeumwa tumbo.

Na baharini je? Baharini Mama Kulwa yuko peke yake. Anainama kwenye tundu hili, kimya. Kiuno kinauma. Sili hatokei. Mara, kule kwenye tundu la mbali:

"Puuu! Mama Kulwa! Za asubuhi?"

Huyo alikuwa sili mzee aitwaye Masharubu, mnene kuliko wote, mwenye maneno kuliko wote. Mama Kulwa anakimbia. Akifika, maji yanacheza tu. Kisha nyuma yake:

"Puuu! Nipo huku, jirani! Shemeji hayupo leo?"

"Ana kazi."

"Kazi gani hiyo?"

Mama Kulwa akarudi tunduni. Kazi ya kusimama, ungeanzaje kuieleza?

Akawapeleka watoto wakanyage wao. Kulwa akakanyaga, Doto akakanyaga. Ti, ti, ti. Vijiguu vyao vilikuwa laini kama maandazi. Masharubu akatoa kichwa, akafumba macho. "Aaah," akasema. "Endeleeni hapo hapo, wajukuu zangu. Naona usingizi unanijia."

Siku ile walilala na njaa. Asubuhi Mama Kulwa akamshika Kulwa, akamshika Doto, akaenda nao kambini. Mbwa walipoona dubu wengine wanakuja, wakaingia hemani wenyewe.

"Baba Kulwa."

"Mmh."

"Baba Kulwa, nazungumza nawe."

"Nisitikise mdomo, mama," akajibu mumewe bila kufungua meno. "Bibi yuko kwenye shavu."

Mama Kulwa akamtazama Bibi Arnatuk. Bibi alikuwa amekaa juu ya pande la barafu, jiwe mbele yake, uso ameuelekeza baharini.

"Huyu Bibi amekupa mgongo."

"Wachongaji wakubwa ndivyo wanavyofanya," akasema Mbweha, mdomo umejaa samaki.

"Baba Kulwa, barafu inalia usiku. Haitakaa. Watoto hawana kitu tumboni."

"Vumilia kidogo tu, mke wangu. Jina la nyumba yetu litafika mbali."

"Na likirudi litarudi na nyama?"

Baba Kulwa akatazama mbali zaidi. Mbweha akaimba tena, *Dubu, Dubu, mguu mmoja*. Mama Kulwa akageuka aende zake, na akiwa njiani akaimba na yeye, si kwa sauti kubwa, lakini ya kusikika:

*Mguu mmoja haukimbizi,*
*tumbo tupu halina usingizi.*

Bibi Arnatuk akacheka peke yake, akaendelea kukwaruza. Kwaru-kwaru.

Ikafika siku kazi ikaisha. Bibi akakimwagia kinyago maji, akakisugua kwa mchanga, akakifuta kwa ngozi, akakipaka mafuta ya sili. Lile jiwe likang'aa kama mgongo wa samaki. "Tayari," akasema.

Baba Kulwa akashusha mguu. Kumbe ule mguu ulikuwa umesahau kazi ya miguu. Akaanguka, puu! Akajikokota mpaka kwenye kinyago, akatazama. Akafuta macho, akatazama tena.

Dubu wa jiwe hakusimama mguu mmoja. Hakucheza ngoma. Alikuwa ameinama. Pua chini, mabega juu, mkono mmoja umejikunja tayari.

"Huyu nani?" akauliza Baba Kulwa.

"Dubu."

"Mguu wangu niliouinua uko wapi?"

"Miguu minne yote ipo. Hesabu."

"Lakini mimi nilisimama!"

"Nami nilikwambia usisimame."

Mbweha akaona ulaji unaponyoka. "Mkubwa wangu," akasema haraka, "ni wewe huyo! Ni wewe ukifikiri mambo mazito."

Baba Kulwa akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Eee," akasema taratibu. "Kweli. Hata paji la uso."

"Paji la nani?" Mama Kulwa alikuwa amefika, watoto nyuma yake. "Baba Kulwa, hayo ni mabega yangu. Na hapo kwenye kiuno, palipojipinda, ndipo panaponiuma. Huyo ni mimi."

"Ni mimi!"

"Wewe uliinama lini?"

"Bibi, mwambie!"

Bibi Arnatuk akakung'uta vumbi mapajani. "Kila siku niliketi hapa nikatazama baharini," akasema. "Niliona dubu mmoja tu anafanya kazi. Jiwe lilipojibu, likajibu hivyo."

"Bibi haoni vizuri," akasema Baba Kulwa. "Uzee. Ni mimi huyu."

Mama Kulwa akafungua kinywa amjibu. Na maneno alikuwa nayo, mengi, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Lakini akamwona Doto. Doto alikuwa nyuma ya kinyago, anakilamba mafuta. Analamba, ananusa, analamba tena, na kichwa chake kikubwa kuliko mwili.

Yale maneno Mama Kulwa akayameza.

"Awe mimi," akasema, "awe wewe, awe mjomba wako aliyekufa na mfupa kooni. Leo ana kazi. Bibi, niazime kinyago chako."

"Kichukue," akasema Bibi. "Kwetu kinyago ambacho hakishikwi na mtu ni jiwe tu lililojeruhiwa. Lakini nina masharti. Ukipata sili, fungu langu uniletee, nami nitawagawia jirani zangu. Na huyo sili, kabla hamjamla, mpe maji baridi mdomoni, yasiyo na chumvi."

"Aliyekufa apewe maji?"

"Maisha yake yote amekaa katika maji ya chumvi. Ana kiu. Ukimnywesha, wenzake wanasikia, nao hawakukimbii."

Mama Kulwa hakubishana. Wenye nyumba zao wana desturi zao. Akaweka paji la uso wake kwenye makalio ya kinyago, akasukuma. Kikateleza shwaaa! mpaka baharini juu ya barafu, Kulwa na Doto wamepanda mgongoni wanapiga vigelegele.

"Mama!" akasema Doto. "Huyu baba mpya hajisifu."

"Ndiyo uzuri wake."

"Lakini ni cheusi!" Mbweha akapiga kelele kutoka ufukweni. "Sili watacheka!"

"Sili yuko chini," akajibu Mama Kulwa bila kusimama. "Ukiwa chini, dubu mweupe na dubu mweusi wote ni kivuli."

Akakiweka kinyago kwenye tundu moja, pua chini. Akawaweka watoto kwenye tundu dogo la katikati wafanye ti-ti-ti yao. Mwenyewe akaenda tundu la mbali, akainama. Akasubiri. Chini ya barafu sili kijana, mnene, asiye na habari, alipanda apumue. Akaona kivuli. Mabega! Mkono! Akageuka mbio. Akafika tundu la mbali, akatoa kichwa. Puu—

Pwa!

Mama Kulwa akayeyusha theluji kinywani, akamnywesha yule sili kama alivyoambiwa. Akakata fungu la Bibi. Akawapa watoto. Harufu ya mafuta ikapanda, ikavuka barafu, ikaingia puani mwa Baba Kulwa aliyekuwa bado amekaa ufukweni akingoja kuombwa msamaha. Hakungoja tena. Akaja anachechemea.

"Mke wangu, fungu langu liko wapi?"

"Fungu la aliyelinda tundu? Nimempa." Akaonyesha kwa kidevu. Mbele ya kinyago kulikuwa na pande la nyama.

"Jiwe halili!"

"Najua. Ndiyo maana watoto watamlia. Hana choyo."

Baba Kulwa akamkazia macho yule dubu wa jiwe. Dubu wa jiwe hakupepesa. "Watu husema kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi," akanung'unika Baba Kulwa. "Hiki nimekisimamia kwa mguu wangu, sasa kinanila." Akaokota ngozi iliyobaki, akaenda kuitafuna mbali.

Sili mmoja kwa dubu wanne ni kionjo tu. Mama Kulwa akarudi kazini na kinyago chake. Lakini safari hii aliyepanda tunduni alikuwa Masharubu.

Masharubu aliona kivuli. Akashuka. Akafikiri. Akapanda tena polepole, akatoa pua, akanusa.

"Dubu gani huyu asiyenuka kinywa?" akajiuliza.

Akatoa kichwa kizima. Akamgusa kwa masharubu. Akamgonga kwa paji. Ko! Ko!

"Jiwe!" akapiga kelele. "Njooni jamani, njooni muone! Mama Kulwa ameolewa na jiwe!"

Wakaja sili kutoka pande zote. Tundu lile likawa kama kisima cha mtaa. Huyu anapumua, yule anajikuna mgongo kwenye mguu wa kinyago, mwingine anapiga chafya. Na Masharubu akapanda kabisa juu ya barafu, akajilaza kando yake. "Shemeji," akamwambia jiwe, "nikune hapa, kushoto kidogo."

Mama Kulwa akikimbilia huko, wote wanazama, chubwi-chubwi. Akiondoka, wote wanarudi.

"Wananipigia chafya usoni!" akalia Baba Kulwa. "Mke wangu, umeona? Usoni kwangu!"

Mama Kulwa hakumsikiliza, maana alisikia sauti nyingine. Ilitoka mbali, chini, ikapita katikati ya miguu yao. Kraaa. Barafu inapasuka.

Akasimama mbele ya mumewe. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka mno kwa kelele.

"Baba Kulwa. Siku ni hii moja. Kesho barafu haipo, na sili hawapo. Masharubu ana mafuta ya kutuvusha kiangazi chote. Kinyago kimefanya kazi yake, hakiwezi kukanyaga. Anayeweza kukanyaga ni wewe. Nenda kwenye lile tundu. Mimi nakwenda kwenye langu."

"Na ukimkosa?"

"Nikimkosa, maziwa ya Doto utayatoa wewe."

Baba Kulwa akaenda. Alipokaribia, sili wote wakazama, na Masharubu wa mwisho. Baba Kulwa akaanza. Mguu mmoja ulikuwa dhaifu kwa kusimama, na mwingine ulikuwa dhaifu kwa kutofanya kitu, lakini akakanyaga. Di. Di. Di! Chini ya barafu Masharubu akashtuka. Huyu ananuka! Akageuza njia. Akapita kwenye tundu la katikati, Kulwa na Doto wakakanyaga ti-ti-ti kwa nguvu zao zote, akapitiliza. Akaelekea la mbali. Mama Kulwa akaona mapovu yanakuja. Akainama.

Kraaa! Kraaa-kaa!

Barafu ikapasuka chini ya kinyago. Kikainama upande. Kikaanza kuteleza.

"Mkubwa wangu!" Mbweha akapiga kelele. "Sura yako! Sura yako inazama! Ishike, mkubwa wangu!"

Baba Kulwa akakirukia. Akakikumbatia kwa mikono miwili, akakaza makucha. Kinyago kikakaa, nusu juu, nusu majini. Lakini mwenye kukumbatia hakanyagi. Barafu ikawa kimya. Masharubu, kule chini, akasikia ule ukimya. Akapunguza mwendo. Akageuka. Mapovu yakaanza kurudi nyuma.

Mama Kulwa aliyaona yanarudi. Hakuweza kuita, maana sili akisikia sauti yake juu ya lile tundu hatakuja tena. Hakuweza kutikisika. Akamtazama tu mumewe, kwa mbali, pua chini, mabega juu, mkono umejikunja.

Baba Kulwa akamwona. Akatazama mabega yale ya kule mbali. Akatazama mabega yaliyo mikononi mwake. Akatazama ya kule tena.

"Aa," akasema. "Kumbe."

"Sura yako, mkubwa wangu! Usiiachie!"

"Sura yangu ninayo hapa usoni!" akanguruma Baba Kulwa, akafungua mikono.

Chubwi!

Kinyago kikazama. Naye akaruka juu kwa miguu yote minne, akashuka nayo yote minne. DI! Akaruka tena. DI! DI!

Masharubu alikuwa ameshafika karibu na tundu la kinyago, anatabasamu, mara akainua macho. Dubu alikuwa anashuka kutoka juu! Mweusi, mabega wazi, anamjia moja kwa moja ndani ya maji!

"Jamani!" akalia Masharubu. "Siku hizi wanapiga mbizi!"

Akakimbia kama hajawahi kukimbia. Hakuchagua tundu. Lililokuwa mbele yake ndilo lilikuwa lake. Akatoa kichwa. Puuu—

Pwa!

Wakamkokota wote wanne, wanaruka kutoka pande la barafu hadi pande la barafu, mpaka wakakanyaga mchanga. Nyuma yao bahari ikafunguka, samawati tupu. Mama Kulwa akamnywesha Masharubu maji baridi, tena akamwongeza kidogo, kwa maana alikuwa amezungumza sana maishani mwake na lazima koo lilikauka.

Fungu la Bibi Arnatuk akalipeleka mwenyewe. "Bibi, kinyago chako kimezama. Nisamehe."

"Kilifanya nini kabla ya kuzama?"

"Kilinisaidia kuwinda mara moja. Na kilipozama, kikasaidia mara ya pili."

"Basi kimezidi vyote nilivyowahi kuchonga," akasema Bibi, akalipokea lile fungu kwa mikono miwili. "Isitoshe, hemani kisingeingia."

Wakala. Walikula mpaka masikio yao yakang'aa mafuta. Kulwa akalala hapo hapo na mfupa mdomoni. Doto, aliyekuwa na maswali kuliko nduguye, akapanda juu ya tumbo la baba yake.

"Baba, yule aliyezama alikuwa nani?"

"Mama yenu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Baba Kulwa akatafuna. Akatafuna muda mrefu, nyama yenyewe ikiwa imeshamezwa.

"Mimi," akasema, "nilikuwa nimesimama."

Mama Kulwa alikuwa amejinyoosha, kiuno kimelala chali juani, mara ya kwanza tangu jua lirudi.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo yake ni haya: sifa haziwindi, na sura haimnyonyeshi mtoto. Anayefanya kazi ataonekana tu, hata asipojiweka mbele aonekane. Na ukikuta umekumbatia sanamu yako huku wanao wana njaa, iachie izame. Uso wako unao.

Hadithi yangu imefika ilipokuwa inakwenda, imekaa chini. Aliyekula na aoshe sahani yake.